Kibali cha Profesa Mandago

Jamhuri ya Neemani haipakani na nchi yako, kwa hiyo huna haja ya kugeuka kuangalia nani anakuchungulia unaposoma. Iko mbali. Wananchi wake wana afya njema kwa mujibu wa sheria, na anayeugua huugua kwa hiari yake. Viongozi wao hawaugui kabisa, wao husafiri. Ukisikia mheshimiwa fulani ameondoka kwa mapumziko mafupi ng'ambo, ujue jino linamuuma.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Mboni Sengasu, aliyekuwa amemaliza masomo ya udaktari na kubakiza mwaka wa kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuruhusiwa kujiita daktari kamili. Watu wa namna yake waliitwa madaktari wadogo. Udogo wao haukuwa wa kazi, maana kazi yote ya hospitali waliifanya wao. Walikuwa wadogo pale tu walipotaka kusikilizwa.

Mboni alipangiwa Hospitali Kuu ya Taifa, wodi ya upasuaji, chini ya Profesa Lwitiko Mandago. Alifurahi mpaka chakula kikamshinda. Profesa Mandago alikuwa bingwa wa upasuaji kuliko wote Neemani, na picha yake ilitundikwa wodini juu ya kitanda cha kwanza. Wagonjwa wapya walidhani ni ya Rais na wakawa wanaiamkia asubuhi.

Siku ya kwanza Profesa alikuja mwenyewe, jambo lililowashangaza hata wauguzi. Alisimama mlangoni, koti lake jeupe likimeta, wala hakuingia, kwa kuwa wodi ilikuwa inanuka wagonjwa.

"Karibuni, vijana wangu," alisema. "Sheria inataka kila daktari mdogo asimamiwe wakati wote. Mimi ni mtu wa sheria. Nitawasimamia mvua inyeshe, jua liwake. Namba yangu hiyo hapo ukutani. Mkikwama, pigeni."

"Ahsante, Profesa," akasema Mboni. "Na kupita kuona wagonjwa, utakuwa unapita wakati gani?"

Profesa alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali na kabati.

"Binti, jua huwa linapita nyumbani kwenu?"

"Hapana, Profesa."

"Lakini mnaliona?"

"Tunaliona."

"Basi." Wote wakacheka, naye akacheka, kisha akavuka barabara kwenda kwenye hospitali yake binafsi, yenye marumaru mlangoni na samaki wa rangi ndani ya kioo. Tangu siku hiyo hakuvuka tena kurudi.

*

Haikupita muda akaletwa kijana aliyegongwa na lori la mchanga, tumbo limevimba, macho yanarudi ndani. Mboni alikuwa hajawahi kufungua tumbo la mtu akiwa peke yake. Akaipiga ile namba ya ukutani.

"Haloo," ikajibu sauti nzito.

"Profesa, samahani sana, ni Mboni wa wodi ya upasuaji. Nina mgonjwa anavuja damu tumboni..."

"Si Profesa, mwanangu. Ni Sadala, dereva wake. Profesa yupo kwenye kikao."

"Shikamoo, mzee Sadala. Tafadhali mpelekee simu. Mtu anakufa hapa."

"Marahaba. Kikao hakiingiliki, mwanangu." Sauti ya mzee ikalainika, kama anayemwonea huruma. "Ila miaka yote niliyomwendesha, wakipiga kama wewe hivi, huwa anasema: waambie watumie akili."

"Ndilo jibu lake?"

"Ndilo jibu lake la kila siku. Basi tumia akili, mwanangu. Mungu atakusaidia."

Mboni akatumia akili. Akafungua, akatafuta, akafunga panapovuja, jasho likimchuruzika mpaka ndani ya viatu, na yule kijana akapona. Kesho yake kipaza sauti cha hospitali kilitangaza kwamba Profesa Mandago ameokoa maisha ya kijana wa lori. Wiki iliyofuata akaletwa mama mmoja aliyechelewa mno, akafia mezani, na kipaza sauti kikatangaza kwamba mama huyo amefia mikononi mwa Daktari Mboni Sengasu. Ndivyo walivyogawana wagonjwa hospitalini hapo: waliopona walikuwa wa Profesa, waliokufa walikuwa wa Mboni.

Mwenzake katika wodi alikuwa Festo Lihawa, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amejifundisha kulala akiwa amesimama huku macho yakiwa wazi. Kilikuwa kipaji cha ajabu. Aliweza kusinzia kati ya kitanda na kitanda, akafika kwa mgonjwa wa pili akiwa ameamka na kumuuliza vizuri kabisa kama amepata choo. Mfukoni alitembea na karanga za kukaanga, na kila alipomkuta Mboni analia nyuma ya pazia alimmiminia kiganjani bila kuuliza.

"Kula kwanza," alisema. "Kulia na njaa ni kazi mbili, na sisi kazi tunazo za kutosha."

Festo aliomba mapumziko ya siku chache. Akaomba tena. Utawala ukamjibu kwamba ombi lake limepokelewa kwa furaha kubwa.

Adhuhuri moja yenye joto, alikaa kwenye kiti kilichokuwa kati ya vitanda, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Wagonjwa walipomwona wakaambizana wanyamaze ili daktari apumzike. Aliyekuwa akikohoa akajiziba mdomo na shuka. Bibi mmoja aliyekatwa mguu aliomba ashushwe kitandani, akajivuta sakafuni mpaka kwenye kile kiti, akamfunika Festo kwa kitenge chake. Wodi nzima ilitulia mchana kutwa, watu wakizuia maumivu yao kwa ajili ya kijana yule, mpaka Mboni alipokuja kumwamsha na kukuta amekuwa wa baridi.

Barua ya kumruhusu kupumzika ilifika siku ya mazishi. Ilimtakia mapumziko mema na kumwonya asizidishe siku alizopewa.

*

Isidhaniwe kwamba serikali ya Neemani ilikaa kimya. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Hamdani Kombeja, aliunda tume ya uchunguzi siku ile ile, na tume ikatoa matokeo kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Mboni aliitwa ukumbini kuyasikiliza.

"Ndugu zangu," alisema Waziri kwa uchungu, "tumehoji, tumepima, tumelinganisha. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba marehemu alikuwa mzima kabisa alipokuwa amesimama. Alifariki alipoketi. Serikali haiwezi kuendelea kutazama vijana wetu wakiuawa na viti."

Jioni viti vyote vya madaktari wadogo viliondolewa na kupelekwa wizarani.

Lakini Waziri alikuwa mtu wa kutazama mbali, akaona haitoshi. Akasafiri na ujumbe mzito kwenda nchi za nje kujifunza jinsi madaktari wadogo wanavyosimamiwa huko. Katika ujumbe walikuwemo Profesa Mandago, mke wa Profesa, mkuu wa itifaki na bendi ya tarumbeta. Daktari mdogo hakuwemo hata mmoja, kwa sababu walikuwa kazini.

Nchi ya kwanza waliyofika ilikuwa ya baridi. Huko walimkuta bingwa mwenye mvi amesimama bega kwa bega na daktari mdogo chumba cha upasuaji, anamwelekeza mkono, na zamu ilipokwisha akamfukuza kijana akalale. Ujumbe ulisikitika sana. Profesa aliandika kwamba wazee wa nchi hiyo hawana hospitali zao binafsi, maskini, ndiyo maana wanashinda kwenye za umma. Katika nchi ya pili walikuta madaktari wadogo wameandamana barabarani wakidai usingizi, na polisi wanawamwagia maji ya kuwasha. Hapo ujumbe ulikaa muda mrefu zaidi, ukauliza maswali mengi kuhusu yale maji. Nchi ya tatu ilikuwa na ufukwe.

Waziri aliporudi alilihutubia taifa.

"Tumetembea, tumeona, na tumechagua yaliyo bora kwa mazingira yetu," alisema. "Kutoka ng'ambo tumejifunza neno moja: usimamizi! Kuanzia leo, daktari mdogo yeyote asithubutu kumpasua mtu bila kibali cha sauti cha msimamizi wake. Sauti ya msimamizi, si ya mwingine! Atakayekiuka atafutwa udaktari. Kwa njia hii tutakuwa tumemlinda mgonjwa, tumemlinda daktari, na zaidi ya yote tumelinda usimamizi."

Watu walishangilia. Wodini, muuguzi mkuu, Sista Apolonia, mwanamke mnene aliyezoea kusema ukweli kwa kunong'ona, alimgeukia Mboni.

"Dokta, sauti ya Profesa wewe umewahi kuisikia tangu ile siku ya mlangoni?"

"Sijawahi."

"Basi tuombe watu wasiugue."

Watu waliugua. Mboni alipiga simu, mzee Sadala akajibu kwamba Profesa yupo kwenye kikao. Akamwambia Sadala kwamba sasa "tumia akili" haitoshi, sheria inataka sauti yenyewe. Sadala alisema ameelewa, na kwamba yeye angeitoa sauti yake kwa moyo mmoja kama ingefaa. Baba mmoja mwenye utumbo uliojisokota alikufa akingoja kibali. Akafuata msichana wa shule. Kipaza sauti kikatangaza kwamba tangu sheria mpya ianze hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefia kwenye meza ya upasuaji ya hospitali hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mboni alikuwa akisikiliza matangazo hayo amesimama, maana kiti hakikuwepo.

*

Basi siku moja, jua likiwa utosini, mlango wa wodi ulifunguliwa kwa kishindo, na machela ikasukumwa ndani na mzee mmoja mwenye kofia ya udereva. Mboni hakuwa amewahi kumwona, ila aliposema tu "Mwanangu, nisaidie," akaijua sauti. Alikuwa Sadala. Juu ya machela, amejikunja kama ngumi, uso rangi ya majivu, alilala Profesa Lwitiko Mandago.

"Tumbo," Sadala alisema akihema. "Tangu juzi. Alikuwa anangoja ndege."

"Kwa nini hakupanda?"

"Ndege ya taifa imeondoka na Waziri. Wamekwenda kununua ndege nyingine."

"Na hospitali yake hapo ng'ambo ya barabara?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kule wapo wahasibu na wale samaki. Daktari wa upasuaji ni yeye mwenyewe."

Mboni alibonyeza tumbo la Profesa upande wa kulia, chini, na Profesa akapiga yowe lililowafanya wagonjwa waamke vitandani. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeanza kusambaa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Wagonjwa wa namna hii alikuwa amewaona wengi kupita kiasi, na wa mwisho alikuwa yule msichana wa shule.

"Profesa," alisema akiinama sikioni mwake. "Inabidi upasuliwe sasa hivi. Natoa taarifa na naomba kibali chako."

Profesa alifumbua jicho moja. "Niitieni daktari," akanong'ona.

"Mimi ni daktari, Profesa."

"Daktari mkubwa!"

"Daktari mkubwa ni wewe."

Jicho lile lilizunguka, likaitafuta dari, likakuta picha yake ukutani, kisha likafumba. Alikuwa amezimia.

Sista Apolonia alimshika Mboni kiwiko. "Dokta, sheria unaijua. Piga simu kwanza. Angalau iwepo kwamba ulipiga."

Mboni akapiga. Simu ikalia pale pale, kwenye mfuko wa shati la Sadala. Mzee aliruka kidogo, akaitoa, na mazoea ya miaka mingi yakamtangulia akili.

"Haloo," alisema. "Profesa yupo kwenye kikao."

Wakatazamana juu ya tumbo la mgonjwa, kila mmoja na simu sikioni. Sadala ndiye aliyeanza kulia.

Mboni alikata simu. Kwa muda mfupi, na hili baadaye hakumwambia mtu, alijisikia vizuri. Aliona jinsi ambavyo angeweza kunawa mikono, akasimama kando ya machela kwa heshima zote, akangoja kibali kama wengine walivyongoja. Asingekuwa amevunja sheria yoyote. Aliikumbuka wodi ilivyonyamaza mchana ule wa Festo. Kisha Profesa akatoa sauti ndogo, si ya profesa, ni ile inayotoka kwa mtu yeyote tumbo likimpasuka, na ile raha ikamtoka.

"Mwite mtu wa nusu kaputi," akamwambia Sista. "Na wewe, mzee Sadala, nenda kanawe uso."

Alifanya kazi nzuri. Alisafisha usaha mpaka maji yakarudi meupe, akafunga mshono mwembamba ulionyooka. Alipomaliza, aliegemea ukuta akalala akiwa amesimama, macho wazi.

*

Profesa aliamka akiwa hai, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani kanigusa?"

Gazeti la serikali liliandika habari hiyo ukurasa wa mbele: PROFESA AONGOZA UPASUAJI WAKE MWENYEWE AKIWA USINGIZINI. Rais alimpa nishani ya Usimamizi Uliotukuka. Baada ya nishani kubandikwa, Profesa alifungua mashtaka dhidi ya Mboni kwa kumpasua mtu bila kibali cha msimamizi.

Baraza la Madaktari lilikaa katika ukumbi wa wizara, juu ya viti ambavyo Mboni alivitambua. Mwenyekiti alikuwa Waziri Kombeja. Mlalamikaji alikuwa Profesa, na kwa kuwa kesi ilihitaji kielelezo, kielelezo pia kilikuwa Profesa. Alipanda mezani, akapandisha shati, akaonyesha kovu.

Wajumbe walivaa miwani wakasogea.

"Mshono safi huu," alisema mmoja.

"Safi mno," akakubali Profesa kwa hasira. "Hapo ndipo ubaya ulipo, waheshimiwa. Mtu aliyeteleza angeshona ovyo. Huyu alikusudia!"

Waziri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Akaitwa Sadala.

"Shahidi, je, Profesa alitoa kibali?"

Mzee alimtazama Mboni, akamtazama bosi wake, akakunja kofia mikononi. "Mheshimiwa, Profesa alikuwa kwenye kikao."

"Safi. Keti."

Mboni aliposimamishwa kujitetea alisema sentensi moja tu. "Bila kupasuliwa asingefika jioni."

"Sawa!" Profesa alishuka mezani, kidole kimeelekezwa juu. "Hata mimi sibishi. Lakini, waheshimiwa, kufa ilikuwa haki yangu kama mgonjwa, na kibali kilikuwa haki yangu kama msimamizi. Binti huyu ameninyima zote mbili kwa siku moja!"

Wajumbe walinong'onezana, na ikaonekana wazi udaktari wa Mboni umekwisha. Nyuma ya ukumbi mama yake alikuwa amekaa, na kitambaa mkononi. Alikuwa amekuja akidhani ni sherehe, kwa kuwa barua ilisema bintiye atatajwa mbele ya Waziri. Mboni alimwona akiwatabasamia watu waliokuwa karibu naye, akiwaonyesha: yule pale, yule wangu.

Waziri akakohoa. "Kabla hatujatoa hukumu, taratibu zinataka nimuulize mshtakiwa swali moja. Binti, siku nyingine akiletwa mgonjwa mahututi, na msimamizi hapatikani, utafanya nini?"

Mboni alitafuta ndani yake hasira aliyokuwa akiitegemea, hakuiona. Alikuta uchovu tu, mpana na mtulivu, na ndani ya uchovu ule jibu lilikuwa limekaa tayari.

"Nitangoja kibali, Mheshimiwa."

"Hata akiwa anakata roho?"

"Nitasimama karibu yake, nitangoja."

"Hata akiwa mtu mzito? Kiongozi, kwa mfano?"

"Hata awe nani," alisema Mboni. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anamaanisha, na hilo lilimtisha yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote mle ukumbini.

Uso wa Waziri ulichanua. "Mmesikia, waheshimiwa? Huyu ameiva! Kuna mabingwa wangapi nchini wanaoielewa sheria namna hii? Mafunzo yake yamekamilika, naagiza apewe cheti leo hii. Na kwa kuwa taifa linahitaji watu wa aina yake mahali panapostahili, namteua kuwa daktari mkuu wa upasuaji wa dharura kwa viongozi wote wa Neemani."

Mama yake alipiga kigelegele. Ukumbi mzima ulisimama ukashangilia. Profesa Mandago alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wa kwanza kuacha; alimtazama Mboni, mkono wake ukashuka taratibu mpaka kwenye shati, juu ya mshono, ukabaki hapo. Waziri aliendelea kupiga kwa nguvu zote. Siku hiyo alikuwa haumwi popote.